Kabati Lililokataa Kutoka Rebero

Nkusi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kugonga meza za watu. Ukimkaribisha kwako, kabla hajauliza hali ya watoto atakunja kidole cha kati, ataigonga meza yako mara mbili, atainamisha kichwa na kusikiliza kama daktari aliyeweka sikio kifuani mwa mgonjwa, halafu atatoa hukumu. "Mvule huu." Au, "Mkaratusi, lakini ulikaushwa vizuri." Na akisikia ile sauti butu asiyoipenda, atakunja midomo na kutamka neno moja tu: "Unga."

Unga, kwa Nkusi, zilikuwa zile mbao za maranda yaliyosagwa na kushindiliwa kwa gundi, zikavishwa karatasi yenye picha ya mti. Ndizo zinazokuja zimelala ndani ya maboksi bapa, pamoja na kifuko cha skrubu na karatasi ya maelekezo, ukaunganishe mwenyewe nyumbani. Alizichukia kuliko alivyochukia uongo. Alizaliwa Bukoba, kwa wazazi waliokimbilia Tanzania wakiwa vijana, na familia iliporudi Rwanda baba yake alikataa kuiacha meza yake ya mvule. Ilipanda lori pamoja na watu. Nkusi alikaa juu yake safari nzima, na tangu siku hiyo akajihesabu mtaalamu wa mbao. Msumari, hata hivyo, hakuwahi kupigilia hata mmoja ukaingia ukiwa umenyooka.

Kazi yake ilikuwa kutunza stoo katika ofisi moja kubwa kule Kacyiru, na Mola ana namna yake ya kutania watu: maboksi bapa yote ya ofisi ile yalipitia mkononi mwa Nkusi. Makabati ya mafaili, madawati, rafu, mamia kwa mamia. Kila alipotia sahihi ya kuyapokea alikuwa na uso wa mlokole aliyetumwa kununua bia.

Kanisani walimpa kazi ya kusoma somo, akaifanya kwa miaka mitatu bila dosari. Kisha parokia ikanunua mimbari mpya. Jumapili ya kwanza Nkusi alipanda, akafungua kitabu, na kile kidole kikamponyoka. Ko, ko. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Waumini wote, hadi waliosimama nje kwenye turubai, wakasikia zile ngoma mbili, kisha sauti nzito ya msomaji ikisema kwa huzuni: "Unga." Padri hakumwita tena kusoma.

Mkewe, Winifred, alikuwa mshonaji. Alikuwa na kibanda cha kushonea kwenye uchochoro mmoja wa Biryogo, akishirikiana na rafiki yake Mwamini, mwanamke wa Kiislamu mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi. Winifred hakuwa na imani yoyote juu ya mbao. Alichotaka ni mahali pa kutundika nguo, maana miaka minne tangu wahamie ile nyumba ya kupanga kwenye kilima cha Rebero nguo zao zilikuwa zinalala kwenye masanduku, kwa sababu Nkusi alikuwa bado anatafuta mti unaostahili.

Jumamosi moja mwaka 2016 alirudi na pikapu yenye maboksi matatu bapa.

"Mama Gisa," Nkusi aliuliza akiwa mlangoni, "hicho ni nini?"

"Kabati."

"Liko wapi?"

"Humo ndani."

Nkusi aliliinua boksi moja upande, akalitikisa. "Umenunua uji mkavu. Miezi sita, Mama Gisa. Nakupa miezi sita. Ukimwagikiwa na maji unavimba, ukiugusa unabomoka, ukiutazama vibaya unaumwa."

Winifred alitandika shuka sakafuni, akazipanga mbao kama anavyopanga vipande vya suti kabla ya kushona: mgongo hapa, mikono pale, kola mwisho. Skrubu alizitenga kwenye visosi vya chai, kila aina na kisosi chake. Karatasi ya maelekezo haikuwa na neno hata moja, ilikuwa na michoro tu ya mtu mnene asiye na mdomo, na Winifred alimwelewa kabisa. Nkusi alivuta kiti akakaa karibu ili awe na nafasi nzuri ya kukosoa. Alikosoa kwa saa tatu. Wakati kabati linasimama wima, yeye ndiye aliyekuwa amechoka zaidi.

Lile kabati lilikuwa na sura ya unyonge, hilo lazima lisemwe. Ukilifungua, mlango wa kushoto ulitetemeka. Ukiliegemea, lilisogea kidogo kama mtu anayekupisha. Lakini nguo ziliingia zote.

Miezi sita ikapita, ikapita mingine sita. Kabati likaendelea kusimama, na kusimama kwake kulimuudhi Nkusi kuliko ambavyo kuanguka kungemfurahisha. Mwaka wa pili alichoka kusubiri. Akamtafuta seremala aitwaye Conrad, fundi mwenye jina, akamwagiza kabati la libuyu, ule mti mwekundu unaotoka Kongo, mzito kama dhambi.

"Kubwa kiasi gani, mzee?" Conrad aliuliza.

"Kubwa ambalo wajukuu wangu watagombania."

Conrad alipima mlango wa chumba, akapima dirisha, akakuna kichwa. "Basi nitaijengea humu humu ndani. Kubwa hivyo haiwezi kuingia."

Mtu mwingine angesimama hapo akafikiri. Nkusi alisikia sifa.

Kazi ilichukua miezi minne. Kwa miezi minne mume na mke walilala sebuleni, nyumba nzima ikanuka vanishi, na Winifred akawa anawapelekea wateja nguo zenye maranda mifukoni. Kilichotokea mwishoni, hata hivyo, kilikuwa kitu cha kutazamwa. Kilijaza ukuta mzima. Milango yake miwili ilikuwa mipana kama ya benki, na ukikigonga kilijibu kwa sauti ya kina iliyomfanya Nkusi afumbe macho. Aliwaita majirani. Aliwaita wafanyakazi wenzake. Kila mgeni alipitishwa chumbani kabla ya kupewa kiti, jambo ambalo kwa desturi za Kinyarwanda ni la kushangaza, lakini Nkusi hakuona aibu.

Ikaja masika. Libuyu, ambalo Conrad hakulipa muda wa kukauka kwa sababu mwenye mali alikuwa anamhimiza kila siku, likanywa unyevu likavimba. Milango ikagoma kufunga. Ulipofika mwezi wa saba, jua likalibana, milango ikafunga yenyewe na ikagoma kufunguka. Mashati ya Nkusi ya kazini yalifungiwa humo wiki nzima. Alikwenda Kacyiru na shati la Gisa, mtoto wao wa chuo, lenye picha ya kiatu mgongoni.

"Mbao hai inapumua," alimweleza mkewe.

"Yangu ilishakufa," Winifred alisema, akitundika gauni kwenye kabati lake la maranda, "lakini inafunga."

Wakaishi hivyo, makabati mawili yakitazamana chumbani kama wake wenza. La Winifred halikuwa la ajabu. Mguu mmoja ulilowa wakati wa kupiga deki ukavimba kama andazi, akauwekea vizibo vya soda chini. Bawaba moja ilichomoka na kutoka na vumbi lake, akajaza tundu kwa njiti za viberiti na gundi, akarudisha skrubu. Nkusi aliliita Mgonjwa. "Mgonjwa ameamkaje leo?" alikuwa anauliza asubuhi. Miaka saba aliuliza swali hilo, akiwa amesimama na suruali mkononi mbele ya mlango wake wa libuyu usiofunguka.

Halafu mwenye nyumba, mama mmoja mjane aitwaye Nyirahabimana, akaja na habari. Ameuza kiwanja. Wanunuzi wanataka kujenga ghorofa za kupangisha. Wapangaji wana miezi miwili.

Winifred alipata nyumba Nyamirambo, karibu na kazi yake. Siku ya kuhama alichukua bisibisi, akalala chini ya kabati lake, na kabla chai haijapoa lilikuwa limerudi kuwa mbao. Alizifunga kwa vipande vya kitenge, mbili mbili, na mtu mmoja akazipeleka kwenye gari kwa safari mbili.

Kisha wote wakageuka kulitazama la libuyu.

Wabebaji sita walilisukuma. Halikutikisika. Conrad aliitwa. Alifika, akalizunguka kwa fahari ya baba anayetazama mtoto aliyefaulu.

"Iko nguvu sana hii, mzee. Hakuna msumari. Ni gundi na meno ya mbao tu. Haifunguki."

"Haifunguki kabisa?"

"Mzee, si wewe ulisema wajukuu?"

"Sasa linatokaje?"

Conrad alihesabu kwa vidole. "Tuvunje ukuta, ama tukate kabati."

Nkusi alimtazama kana kwamba ameambiwa wamkate Gisa. Alimpigia Nyirahabimana simu, akamwomba ruhusa ya kuvunja ukuta. Mama yule alisema nyumba si yake tena. Akawapigia wanunuzi, nao wakasema ukuta utavunjwa, asiwe na haraka, wana mashine. Basi Nkusi akaliacha. Alilifuta vumbi, akafunga ule mlango uliokubali kufunga, akapanda gari mbele bila kugeuka nyuma. Njia nzima ya kushuka Rebero mbao za Winifred zilikuwa zinapigana makofi nyuma.

Wiki mbili baadaye msimamizi wa ujenzi, mtu wa makamo aitwaye Benon, akampigia.

"Wewe ndiye mwenye hii kabati?"

Nkusi aliomba ruhusa kazini akapanda pikipiki mbio. Alikuta kile alichostahili kukiona maishani mwake. Mashine ilikuwa imepita. Kuta zilikuwa chini, mabati yamepelekwa, choo kimekuwa shimo, na katikati ya vifusi, peke yake juu ya kilima, jua likiliwakia mgongoni, kabati la libuyu lilikuwa limesimama. Kona moja ilikuwa na mkwaruzo mdogo. Wafanyakazi walikuwa wametundika makoti ndani yake.

"Ukuta umeiangukia," Benon alisema kwa sauti ya heshima. "Ukuta ndio umevunjika."

Nkusi alilia kidogo. Kisha akapiga picha kumi na saba akazituma kwa ndugu wote, kwa wafanyakazi wenzake, na kwa padri. Kwa mkewe alituma moja yenye maneno: *Mgonjwa wako angeweza?*

Winifred alijibu: *Linaingia wapi sasa?*

Hilo Nkusi hakuwa amelifikiria. Mlango wa nyumba ya Nyamirambo ulikuwa mwembamba kuliko ule wa Rebero. Benon naye alikuwa anataka kumwaga msingi palepale kabati liliposimama, na aliwapa siku tatu. Nkusi aliwaza kulipeleka kwa kaka yake; kaka yake tayari alikuwa na meza ya mvule ya baba, na alisema familia moja inatosha kubeba msalaba mmoja. Mwishowe ni Mwamini aliyesema, akiwa na sindano mdomoni, kwamba kibanda chao kina mlango wa bati wa kukunja, upana wote wa chumba, na wanahitaji mahali pa vitambaa.

"Lete kaburi lako hapa, shemeji," alisema. "Litaingia."

Lori lilibeba kabati hadi barabarani Biryogo, lakini uchochoro wa kibanda haupitishi gari, hata mkokoteni unapita kwa kuomba. Ikabidi libebwe mabegani. Nkusi alikodi watu wanane. Na kwa kuwa aliogopa likwaruzwe na kuta za uchochoro, alilifunika lote kwa kitambaa kikubwa cha kijani kilichokuwa kimebaki kwenye oda ya sare za shule.

Ilikuwa saa kumi alasiri, na watu walikuwa wanatoka msikitini.

Waliona kitu kirefu, kimefunikwa kijani, kimebebwa na wanaume wanane wanaotembea taratibu kwa uzito, na nyuma yao mtu mzima amevaa suti, uso umejaa majonzi na jasho. Waliokaa wakainuka. Wenye vibanda wakapunguza redio. Na kwa kuwa kumsindikiza maiti kuna thawabu, wanaume wakaanza kuingia chini ya mzigo mmoja baada ya mwingine, wakipokezana mabega, huku wakisema kwa sauti ya chini, "La ilaha illa Allah." Wabebaji wa kukodi, wakiona msaada wa bure, hawakusema kitu.

Mzee Saadi, fundi wa viatu aliyeheshimika mtaa mzima, alimkaribia Nkusi akamshika mkono.

"Pole sana, ndugu yangu. Ametokea wapi?"

Nkusi, macho yakiwa kwenye kona yenye mkwaruzo, alijibu, "Kongo."

"Alikuwa mtu mzima?"

"Miaka mia na zaidi. Conrad alihesabu duara za ndani."

Mzee Saadi hakuelewa neno la mwisho, lakini alitikisa kichwa. "Miaka mia! Kweli ameishi. Mbona mzito hivi?"

"Ndivyo walivyo wa zamani," Nkusi alisema, sauti ikimtetemeka. "Siku hizi hawapo tena. Siku hizi ni unga tu."

"Kweli kabisa," alisema Mzee Saadi, akafuta jicho, akaingiza bega lake la miaka sabini chini ya libuyu.

Walipofika kibandani walikuwa watu kama arobaini. Mwamini alitoka na futi ya kitambaa shingoni, akawaona, akaona kijani, akashika mdomo. Akarudi ndani haraka. Kabati likashushwa. Watu wakasubiri mtu aombe dua. Nkusi akashika pindo la kitambaa akalivuta kwa nguvu, kama anayezindua gari.

Kisha Mzee Saadi akauliza, polepole:

"Hii ni nini?"

"Libuyu," alisema Nkusi.

"Nimebeba kabati?"

"Ni libuyu halisi, mzee."

"Nimeliombea dua kabati?"

Aliyemwokoa Nkusi siku ile ni Mwamini, ambaye kule ndani hakuweza kujizuia tena. Kicheko chake kilipasua uchochoro mzima, kikawaambukiza vijana waliokuwa nyuma, kikapanda mbele hadi kwa wazee. Mzee Saadi alikaa kwenye kizingiti, akasugua bega, akacheka hadi akakohoa. Lakini hakusamehe bure. Alitangaza kwamba mfiwa analisha wasindikizaji, ndivyo ilivyo, na Nkusi akanunua chai na chapati za watu arobaini kwenye mgahawa wa pembeni. Kwa muda mrefu baadaye, akipita Biryogo, watu walimpa pole.

Kabati likawekwa ukutani kibandani, na kwa miezi michache likafanya kazi yake kwa adabu. Kisha mvua za mwezi wa nne zikaanza, na Ijumaa moja saa tano asubuhi akaja binti aitwaye Ingabire kuchukua gauni lake la harusi. Harusi ilikuwa kesho. Gauni lilikuwa ndani ya libuyu. Milango ilikuwa imevimba ikang'ang'ania.

Winifred alivuta. Mwamini alivuta. Bi harusi mwenyewe alivuta, akavunjika kucha aliyoipaka rangi siku ileile, akaanza kulia. Nkusi aliitwa kutoka Kacyiru. Alifika akaweka kiganja kwenye mbao, akaeleza habari za unyevu.

"Shemeji," alisema Mwamini, "dada huyu anaolewa saa nne kesho. Kabati lako linapendelea saa ngapi?"

Walijaribu kisu, sabuni, mafuta ya taa. Conrad hakupokea simu. Mama wa bi harusi alifika, mwanamke mkubwa mwenye sauti kubwa zaidi, akatazama kabati, akamtazama Nkusi, akauliza ni nani mwenye akili timamu anayeweka nguo mahali pasipofunguka. Watu wakajaa mlangoni. Mzee Saadi alileta kiti chake ili asipitwe na kitu.

Winifred akachukua bisibisi, ileile moja aliyokuwa nayo siku zote, akamwekea mumewe mkononi.

"Bawaba ziko nje, Baba Gisa. Ng'oa."

"Mama Gisa, milango hii..."

"Ng'oa."

Na Nkusi, mbele ya Biryogo nzima, alipiga magoti na kung'oa skrubu ishirini na nne kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kushika bisibisi kwa kazi. Alizing'oa vibaya, mbili zikachubuka vichwa, lakini ilipofika saa nane mchana mlango wa kwanza uliachia kwa mlio wa mti unaoanguka, wa pili ukafuata, na gauni likatoka jeupe bila kasoro. Watu wakapiga vigelegele. Nkusi alidhani wanamshangilia yeye.

Milango haikurudishwa tena. Winifred aliilaza juu ya fremu za chuma, ikawa meza ya kukatia vitambaa. Haitikisiki, haibonyei, na mkasi unateleza juu yake kama kwenye maji; washonaji wa uchochoro mzima huja kuiazima wakiwa na suti za kukata. Mbele ya kabati lenyewe alishona pazia la kitenge cha buluu. Nyumbani, Mgonjwa anaingia mwaka wa kumi, mgongo wake umebadilishwa, vizibo vya soda sasa viko chini ya miguu mitatu, na Gisa ameshaomba apewe atakapopata chumba chake, kwa sababu likifunguliwa linapanda ngazi.

Nkusi amestaafu. Hushinda kibandani, kwenye kiti cha wateja, akiwaeleza wanaosubiri mambo ya mbao hadi Mwamini amwambie asogee, anazuia mwanga. Juzi mteja mmoja mgeni alilitazama lile kabati kubwa lenye pazia, akaligusa, akasifu.

"Mzee, kitu cha nguvu hiki. Mbona hakina milango?"

Nkusi alikunja mguu mmoja juu ya mwingine.

"Ya daraja hili," alisema, "huwa hayawekwi milango."

Winifred alikuwa anapiga pindo la sketi. Aliinua uso, akamtazama mumewe, akakanyaga cherehani.